Pikapu Yenye Kishikio cha Kabati

MJOMBA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, niko chini ya lori.

KATIBU: Shikamoo Mjomba! Ni mimi, mpwa wako.

MJOMBA: Mpwa yupi? Ninao kumi na mmoja, na wote hunipigia wakishaharibikiwa.

KATIBU: Yule ambaye hajaharibikiwa bado.

MJOMBA: Aaa, Katibu! Marahaba, marahaba. Katibu wa wafugaji! Ngoja nitoke huku, oili inanidondokea sikioni... Haya, nimetoka. Ng'ombe hawajambo?

KATIBU: Ng'ombe wazima, shida ni maziwa. Mjomba, sikia haraka, salio langu ni dogo. Niko kwenye yadi ya magari na Mama Mwenyekiti. Kikundi kimekubali tununue pikapu. Leo. Nimeiona, nimeipenda—

MJOMBA: Umeipenda?

KATIBU: Sana.

MJOMBA: Basi umeshaumia. Gari halipendwi kabla ya kukaguliwa. Hata mchumba—

KATIBU: Mambo ya mchumba tuyaache, Mjomba.

MJOMBA: Nimeyaacha. Kwa nini leo leo?

KATIBU: Kituo cha kupozea maziwa kimetuandikia barua. Yakifika yamechacha mara moja tena, hawapokei hata tone. Na ile pikipiki, ukipanda nayo kilima chetu, maziwa yanafika juu yameshakuwa siagi. Wanawake thelathini na wawili wamenituma mimi, Mjomba. Wamesema, "Wewe umesoma."

MJOMBA: Umesomea magari?

KATIBU: Nimesomea mifugo.

MJOMBA: Inatosha. Ng'ombe ukimnunua unaangalia nini?

KATIBU: Macho, meno, kwato, anavyosimama, anavyotembea...

MJOMBA: Twende hivyo hivyo. Kwato ni tairi. Dalali yuko wapi?

KATIBU: Hapa karibu. Anatabasamu. Tangu tufike hajafunga mdomo, meno yake yote nimeshayahesabu.

MJOMBA: Hayo hayauzwi. Msogee mbali kidogo. Gari liliwashwa mkiwepo?

KATIBU: Tulilikuta linanguruma. Linanguruma vizuri, Mjomba, kama—

MJOMBA: Weka kiganja juu ya boneti.

KATIBU: Aii! La moto!

MJOMBA: Hila ya kwanza hiyo. Gari bovu asubuhi huamka kama mlevi, linakohoa, linatema moshi, linakataa. Anayeuza hulichemsha mapema ili usilione likiamka. Mwambie alizime, mtalisubiri lipoe.

KATIBU: Lipoe? Kuna mteja mwingine hapa! Seremala mmoja na mkewe. Ana futikamba, anapima bodi kama vitanda vyake vitaingia. Dalali anasema atakayetangulia kulipa ndiye mwenye gari.

MJOMBA: Hila ya pili. Huyo seremala utakuta ni shemeji yake dalali.

KATIBU: Hapana, ni seremala kweli. Ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

MJOMBA: Haya. Wakati linapoa, tairi.

KATIBU: Za mbele zimelika upande wa ndani, za nyuma zimelika sawasawa.

MJOMBA: Umeziona mwenyewe?

KATIBU: Nilishaziangalia kabla sijakupigia. Mimi si wa kuletwa na upepo.

MJOMBA: Ona! Tairi ya mbele ikilika ndani, magurudumu hayakunyooka. Ni kazi ya nusu siku, ila bei ishuke. Fungua boneti. Kile kifuniko cha kutilia oili, kizungushe, ukichungulie kwa chini. Kuna utando mweupe?

KATIBU: Hakuna. Kuna weusi tu.

MJOMBA: Weusi ni afya. Weupe ungekuwa maziwa usiyoyataka, maana yake maji yameingia kwenye oili.

KATIBU: (kwa mbali) Mama Mwenyekiti, weupe hakuna!... Amepiga vigelegele, Mjomba.

MJOMBA: Mwambie asubiri kidogo. Bodi sasa. Una kitu chochote chenye sumaku?

KATIBU: Sumaku nitoe wapi mi—ngoja. Pochi ya Mama Mwenyekiti! Kile kifungo chake kina sumaku.

MJOMBA: Ibandike kila mahali, mlango hadi mlango. Isiposhika, hapo si bati, ni puti ya kuzibia mbonyeo, imepakwa rangi.

KATIBU: Anaibandika mwenyewe. Inashika... inashika... imeshika boneti... Mlango wa kushoto imekataa! Imeanguka! Mjomba, hirizi na kitambulisho vimemwagika—

MJOMBA: Mama Mwenyekiti ana hirizi?

KATIBU: Sikusema kitu. Mtandao ndio huo.

MJOMBA: (anacheka) Haya, liligongwa mlango. Si dhambi, hata mimi nimegongwa. Kilomita zinasomaje?

KATIBU: Elfu sitini tu!

MJOMBA: Angalia raba ya pedali ya breki.

KATIBU: Hee... Imelika kama sabuni ya kufulia. Imebaki ganda.

MJOMBA: Basi hizo elfu sitini ni za mwaka huu. Mguu haudanganyi. Mwambie awashe sasa, akanyage mafuta. Moshi wa rangi gani?

KATIBU: Sioni... subiri. Mama Mwenyekiti ameshika kitambaa chake cheupe mbele ya bomba.

MJOMBA: Ameshika nini?

KATIBU: Kitambaa. Anasema moshi mwongo hujulikana kwenye nguo nyeupe. Kimetoka na doa dogo la majivu.

MJOMBA: Huyo mama nampa kazi gereji. Injini iko sawa. Kwa kweli iko sawa. Imekufurahisha?

KATIBU: Nataka kulia, Mjomba. Nimeshaipa na jina.

MJOMBA: Jina gani tena?

KATIBU: Usicheke. Mapema.

MJOMBA: Mapema?

KATIBU: Kwa sababu maziwa yatafika mapema. Nilitaka tuliandike kwenye mlango wa nyuma, herufi za kijani.

MJOMBA: Sijacheka. Ni jina zuri. Ingia ndani, kanyaga klachi, jaribu gia zote.

KATIBU: Moja... mbili... zinaingia kama kisu kwenye siagi. Halafu gia yenyewe ina kichekesho, Mjomba. Kile kichwa chake cha juu si chenyewe. Wameweka kishikio cha droo!

MJOMBA: Wameweka nini?

KATIBU: Kishikio cha droo, cha mbao. Kimechongwa ua. Mafundi wengine bwana!

MJOMBA: (spana inaanguka sakafuni)

KATIBU: Mjomba? Haloo? Mtandao huu—

MJOMBA: Nipo. Hilo ua lina petali ngapi?

KATIBU: Hilo nalo hukaguliwa?

MJOMBA: Hesabu.

KATIBU: Tano. Moja imekatika ncha. Kinafanana na vile vya kabati la Bibi, kama mapacha!

MJOMBA: Gari lina rangi gani?

KATIBU: Nyeupe. Nyeupe pepe.

MJOMBA: Fungua mlango, chungulia kwenye bawaba, ndani kabisa, pale brashi isipofika.

KATIBU: Ngoja... Buluu. Kumbe lilikuwa buluu! Ni vibaya?

MJOMBA: (anakohoa) Rangi si ubaya. Umevaa nini?

KATIBU: Eti?

MJOMBA: Nguo. Unaweza kulala chini?

KATIBU: Mjomba, nimevaa gauni la mahafali. Nilitaka wanione mtu wa maana.

MJOMBA: Tafuta gunia utandike. Ingia chini ya gari upande wa kulia, mbele kidogo ya tairi ya nyuma. Mwambie dalali azime kwanza na atoe funguo, uzishike wewe.

KATIBU: Funguo ninazo... Mama Mwenyekiti, nishikilie hapa... Hapana, sijaanguka, nakagua... Nimeingia. Nimelala chali kama mende.

MJOMBA: Unaona chuma kirefu kinachotoka mbele hadi nyuma?

KATIBU: Nakiona.

MJOMBA: Hiyo ndiyo chesisi, uti wa mgongo. Vingine vyote vimekaa juu yake. Pitisha mkono, siyo kwa nje. Kwa ndani.

KATIBU: Kwa nini kwa nda—

MJOMBA: Pitisha tu, mama.

KATIBU: Kutu... vumbi... tope limekauka... kutu... Hapa ni laini. Kuna rangi nyeusi hapa. Mpya, inang'aa.

MJOMBA: Urefu kama shubiri.

KATIBU: Kama shubiri, ndiyo. Umejua—

MJOMBA: Ikwangue kwa funguo.

KATIBU: Inabanduka... Kuna kovu. Kama mshono wa tumbo la ng'ombe aliyepasuliwa. Mjomba, kuna mshono!

MJOMBA: Ni weldi. Chesisi ilipasuka hapo, ikachomelewa.

KATIBU: Lakini imenyooka vizuri. Huyu mchomeleaji anaijua kazi yake.

MJOMBA: Angeijua asingeichomelea hivyo. Pale palitaka pande la chuma nje na ndani, na boliti. Weldi tupu juu ya ufa ni kufunga kidonda bila kukiosha. Ukipakia mikebe yako ishirini, na akina mama watatu juu yake, ukapanda kilima kile...

KATIBU: Litakatika?

MJOMBA: Si siku ya kwanza.

KATIBU: Mama Nne wa kikundi chetu huwa anakaa nyuma ya pikipiki na mtoto mgongoni. Kila siku. Hakubali mikebe isafiri bila yeye... Huyu fundi ni mwizi!

MJOMBA: Si mwizi.

KATIBU: Muuaji basi. Nikimtia mkononi nitamfunga kamba ya ndama, nimpeleke sokoni akatazamwe!

MJOMBA: Punguza sauti, dalali anakusikia.

KATIBU: Asikie! Unamtetea mtu wa namna hii?

MJOMBA: Simtetei. Nasema... pengine aliambiwa gari halitoki nje ya geti la shamba. Kubeba nyasi tu, bondeni hadi zizini, mwendo wa kobe. Pengine alisema lete chuma, mwenye shamba akajibu chuma ghali, wewe choma. Na huyo mwenye shamba ndiye anayeleta nusu ya kazi zote za gereji.

KATIBU: Pengine.

MJOMBA: Pengine.

KATIBU: Na rangi nyeusi? Ya nini?

MJOMBA: Chuma kikichomelewa hupakwa rangi, kisishike kutu.

KATIBU: Chuma chote hiki kina kutu kuanzia mbele hadi nyuma. Ni hapa tu walipopaonea huruma?

MJOMBA: Haloo? Haloo?

KATIBU: Mtandao, Mjomba?

MJOMBA: Mtandao uko sawa. Alipaka ili isionekane. Umetoka huko chini?

KATIBU: Bado. Nafikiri. Lile kabati la Bibi... droo ya juu, ile tunayoivuta kwa kamba ya kiatu...

MJOMBA: Toka chini ya gari, mama. Utachafua gauni.

KATIBU: Limeshachafuka. Nimetoka.

MJOMBA: Haya.

KATIBU: Mama Mwenyekiti anauliza, tunanunua au hatununui?

MJOMBA: Hamnunui. Na Jumatatu mtatumia gari la gereji. Ni baya kwa sura, mbuzi akiliona hukimbia, lakini uti wake wa mgongo nimeupima kwa mikono hii. Mnakamua saa ngapi?

KATIBU: Saa kumi na moja alfajiri.

MJOMBA: Nitakuwa getini saa kumi na nusu. Nitaendesha mwenyewe, kila siku, mpaka mpate gari la maana. Na hilo la maana nitakuja kulikagua kwa macho, siyo kwa simu.

KATIBU: Kwa nini?

MJOMBA: Kwa nini nini? Mimi nina gari, nyinyi mna maziwa.

KATIBU: Haya. Asante, Mjomba... Mjomba.

MJOMBA: Naam.

KATIBU: Seremala ameingia kwenye usukani.

MJOMBA: Sasa hivi?

KATIBU: Nilipotoka tu. Mkewe amekaa pembeni yake, anapangusa kioo kwa mkono wa blauzi. Wanafurahi kama mimi nilivyokuwa. Amesema vitanda vinne vitaingia, na wafanyakazi wake wawili watakaa juu wavishikilie.

MJOMBA: Mwambie kuhusu weldi.

KATIBU: Nimemwambia! Dalali ameangua kicheko. Eti, "Huyu binti ni daktari wa ng'ombe, chesisi anaijulia wapi? Bei imemshinda." Seremala naye kacheka. Siyo kwa ubaya, Mjomba. Alinionea huruma. Hiyo ndiyo inayouma.

MJOMBA: Mwambie achungulie mwenyewe.

KATIBU: Dalali anamwambia hata kama kuna weldi, aliyeichoma ni bingwa, kazi yake haijawahi kufunguka. Anamsifu huyo fundi. Anamtaja mpaka jina.

MJOMBA: Amemtaja?

KATIBU: Amemtaja. Mbele ya Mama Mwenyekiti.

MJOMBA: Na Mama Mwenyekiti amesemaje?

KATIBU: Hajasema. Ananitazama tu.

MJOMBA: Ee.

KATIBU: Mjomba, mimi hanisikii. Mama Mwenyekiti hamsikii. Yupo mtu mmoja tu ambaye huyu baba akimsikia ataamini. Na salio langu linaanza kupiga ule mlio—

MJOMBA: Katibu, huyo dalali na mwenye shamba ni chanda na pete. Akisikia neno moja kutoka kwangu, kesho asubuhi gereji yangu ina lori moja na kuku. Nina vijana wanne wa kuwalipa. Unaelewa ninachosema?

KATIBU: Naelewa. Sikulaumu, Mjomba, ila huyu baba anaulizia kala—

(Simu inakatika.)

(Simu inalia. Inalia tena.)

KATIBU: Haloo?

MJOMBA: Ni mimi.

KATIBU: Nilidhani hutapiga.

MJOMBA: Hata mimi. Ameshalipa?

KATIBU: Bado. Wanataka kuandikishana, kalamu ya dalali imekataa kuandika. Amekwenda kuomba nyingine ofisini.

MJOMBA: Mpe seremala simu.

KATIBU: Una hakika?

MJOMBA: Mpe kabla akili hazijanirudia.

KATIBU: Nakimbia... Baba, samahani. Simu yako... Ndiyo, yako. Si utani. Shika tu, baba yangu, tafadhali.

SEREMALA: Haloo? Nani? Nina haraka, ndugu.

MJOMBA: Pole na kazi, fundi. Mimi ni fundi mwenzako, wa magari.

SEREMALA: Nishapoa. Sema.

MJOMBA: Nina swali dogo. Mguu wa kitanda ukipasuka katikati, ukatia gundi, ukapaka vanishi juu pasionekane. Kitanda hicho unamuuzia mtu?

SEREMALA: Nimuuzie mtu alale? Siuzi. Nitakuwa na uso gani?

MJOMBA: Mimi nilipaka.

SEREMALA: Kitanda?

MJOMBA: Gari ulilokalia. Ile weldi chini, upande wa kulia, ni mkono wangu. Ile rangi nyeusi ni mkono wangu. Jina alilokutajia dalali ni langu. Haiwezi kubeba watu, ndugu yangu. Nilijua haiwezi, nikaifunika.

SEREMALA: Mbona unaniambia?

MJOMBA: Kwa sababu umekaa na shemeji humo. Shukeni kwanza. Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa chini.

SEREMALA: Mama, shuka... Shuka, nitakueleza... Hapana, acha kioo, shuka kwanza.

KATIBU: Mjomba? Amenirudishia simu. Wameshuka wote wawili. Amelala chini na yeye, anakwangua kwa futikamba yake.

MJOMBA: Amenitukana?

KATIBU: Amesema, "Huyu mtu, huyu mtu," basi. Na mkewe amekaa chini palepale. Mama Mwenyekiti anampepea.

MJOMBA: Mwambie mama huyo samahani.

KATIBU: Utamwambia mwenyewe. Anataka namba yako, ana jambo la kukwambia, na siyo fupi.

MJOMBA: Mpe. Ninastahili.

KATIBU: Mjomba... Mama Mwenyekiti anauliza, Jumatatu utakunywa chai ya maziwa au ya rangi?

MJOMBA: Amesema hivyo? Baada ya kusikia jina?

KATIBU: Ndivyo alivyosema.

MJOMBA: Mwambie... mwambie ya rangi inanitosha.

KATIBU: Anasema hakukuuliza kinachokutosha. Itakuwa ya maziwa... Mjomba, dalali anatoka ofisini na kalamu! Kamwona seremala chini ya gari! Anakuja huku—

MJOMBA: Funguo unazo wewe?

KATIBU: Ninazo—uuwi, kwaheri Mjomba!

MJOMBA: Mrudishie funguo uondoke! Kwa adabu! Lakini upesi! Shika gauni usijikwae—

(Simu inakatika.)